Karafuu Ndani ya Kifuko: Jinsi Maua Yalivyopewa Maneno

Mwezi Machi 1718, mke wa balozi wa Uingereza mjini Istanbul alimkabidhi nahodha wa meli kikasha kidogo akifikishe kwa rafiki yake. Ndani ya kikasha mlikuwa na kifuko, na ndani ya kifuko vitu ambavyo mtu asiyejua angedhani vimefagiliwa sokoni jioni: lulu, karafuu, ua la nargisi, kipande cha karatasi, peasi, sabuni, mkaa, waridi, mdalasini, uzi wa dhahabu, unywele, zabibu, pilipili. Barua iliyofuatana na kikasha ilieleza kwamba takataka hizo zote ni barua moja ya mapenzi ya Kituruki. Kila kitu kitolewe kwa zamu yake, kwa kuwa kila kimoja kina maneno yake.

Mwanamke huyo aliitwa Lady Mary Wortley Montagu. Madaktari wanamkumbuka kwa jambo jingine: majira hayohayo, hukohuko Istanbul, alimchanja mwanawe dhidi ya ndui kwa njia aliyoiona kwa akina mama wa nchi ile, na baadaye akaipigia debe njia hiyo Uingereza. Kile kifuko hakikuokoa maisha ya mtu. Lakini ndicho kilichowafanya Wazungu kwa miaka mia mbili waamini kwamba kuna lugha ya siri ya maua, yenye kamusi yake, na kwamba imetoka Mashariki.

Istanbul, 1718: mambo ya vina

Msomaji wa Kiswahili asingekuwa mgeni kabisa mbele ya kifuko kile. Kwa Kituruki karafuu ni karanfil, sabuni ni sabun, mdalasini ni tarçın. Maneno hayo yamesafiri kwa njia zilezile za biashara, kupitia Kiarabu na Kiajemi, zilizotuletea ya kwetu. Karafuu ya Lady Mary ilimsifu mpokeaji kwa wembamba wa umbo na kumjulisha kwamba kuna mtu aliyempenda siku nyingi pasi na yeye kujua. Peasi liliomba tumaini.

Kwa nini peasi liombe tumaini? Si kwa utamu wake wala kwa umbo lake. Peasi kwa Kituruki ni armut, na tumaini ni umut. Basi. Ni kina tu. Kila kitu kilifungamanishwa na mshororo unaoishia kwa sauti yake. Mtumaji alitoa kitu, mpokeaji akaukumbuka mshororo. Mtu wa Pwani aliyezoea kutupiwa nusu ya fumbo na kutarajiwa aimalizie nusu ya pili anauelewa mchezo huu upesi. Anaelewa pia kasoro yake: ukilihamishia peasi lugha nyingine, kina kinakufa, na maana inakwenda nacho.

Istanbul ya wakati ule ilikuwa na ua lenye mizizi mirefu zaidi ya mchezo huo. Miaka ya 1718 hadi 1730, chini ya Sultani Ahmed III, wanahistoria huiita Enzi ya Tulipu. Kwa Kituruki tulipu ni lale, na neno hilo likiandikwa kwa herufi za Kiarabu lina herufi zilezile za jina la Allah na za neno hilali. Kwa hesabu ya abjadi, inayoipa kila herufi namba yake, yote matatu yanatoa 66. Ndiyo maana tulipu limejaa kwenye vigae vya misikiti ya Kituruki. Huo ulikuwa utajiri wa kweli wa maana, na Ulaya, iliyokuwa imekwisha kununua vitunguu vya tulipu hadi bei zikaporomoka Uholanzi mwaka 1637, haikuuchukua. Ilichukua kifuko.

Karafuu ile, ikumbukwe, haikutoka Unguja. Mwaka 1718 biashara ya karafuu ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, iliyoizuia mikarafuu isipandwe nje ya visiwa ilivyovitawala huko Maluku, katika Indonesia ya leo. Unguja ilikuwa bado karibu miaka mia moja iuone mkarafuu.

Paris, 1819: mwaka wa vitabu viwili

Barua za Lady Mary zilichapishwa 1763, mwaka mmoja baada ya kifo chake, zikasomwa kwa pupa. Ulaya ilikuwa na kiu ya habari za nyumba za masultani, na hapa palikuwa na mwanamke aliyeingia ndani kwelikweli. Wasomaji walilishika jambo moja: kwamba huko Mashariki wapendanao waliofichwa nyuma ya kuta husemezana kwa maua. Sabuni na mkaa vikasahauliwa. Nani amtumie mchumba mkaa?

Aliyejaribu kusahihisha mambo alikuwa mtaalamu wa lugha kutoka Austria, Joseph von Hammer-Purgstall, aliyewahi kufanya kazi ya ubalozi Istanbul. Mwaka 1809, katika jarida la mambo ya Mashariki lililotolewa Vienna, alieleza kwamba mchezo huo ulikuwa wa wanawake wenyewe kwa wenyewe, wa kupitisha wakati, na kwamba ulisimama juu ya vina. Mshairi Goethe aliyachukua maelezo hayo katika ufafanuzi wa diwani yake aliyoitoa 1819.

Mwaka huohuo wa 1819, mwezi Desemba, duka la vitabu Paris lilitoa *Le Langage des fleurs*. Mwandishi alijiita Charlotte de Latour. Wengi wanaamini alikuwa Louise Cortambert. Kitabu kilikuwa kidogo, chenye michoro ya maua, kimepangwa kwa majira ya mwaka, na mwishoni kina orodha: ua hili, hisia hii. Kilitolewa wakati ambao Wafaransa hununua zawadi za mwaka mpya, wala haikuwa bahati. Wachapishaji walikuwa wamegundua kwamba mwanamke wa tabaka la kati anaweza kupewa kitabu kama anavyopewa kisanduku cha peremende.

Goethe alikuwa na ukweli, Latour alikuwa na wanunuzi. Kitabu chake kilichapwa tena na tena, kikatafsiriwa, kikaibwa na wachapishaji wa nchi nyingine, na wengine wakaandika vyao kwa kunakili na kubadilisha kidogo.

London, 1825 hadi 1884: kamusi zisizokubaliana

Waingereza hawakuanza na shamba tupu. Karibu mwaka 1600 Shakespeare alimpa Ophelia, katika *Hamlet*, maua na majani ya kugawa huku akitaja maana zake, na watazamaji walielewa bila kamusi. Zilikuwa imani za vijijini, za makanisani na za waganga wa mitishamba. Kilichokuja na karne ya 19 ni orodha: Henry Phillips mwaka 1825, Frederic Shoberl mwaka 1834, na ng'ambo ya bahari, Baltimore, Elizabeth Wirt mwaka 1829.

Mazingira yalisaidia. Nathaniel Ward, daktari wa London, aligundua kwamba mmea ukifungwa ndani ya kisanduku cha kioo huishi miezi mingi safarini, na mimea ya dunia nzima ikaanza kumiminika bandarini. Mwaka 1845 Uingereza ilifuta kodi ya vioo, nyumba za vioo za kuoteshea maua zikawa rahisi. Watu wa mjini ambao babu zao walilima viazi sasa walikuwa na maua mezani mwezi Januari, na hawakujua la kuyafanyia. Kitabu kikawaambia.

Kilichojulikana kuliko vyote ni cha mchoraji Kate Greenaway, kilichotoka 1884 kwa picha za rangi zilizochapwa na Edmund Evans. Humo waridi la manjano ni wivu au penzi linalopungua. Lavenda ni kutoaminiana. Karafuu ni heshima ya mtu. Asumini ni ukunjufu. Karnesheni, ua lenye kingo zilizochanika kama karatasi, limepewa nafasi kadhaa kwa kufuata rangi: jekundu lililoiva ni kilio cha moyo maskini, la manjano ni dharau, lenye mistari ni kukataa. Na rehani? Rehani ni chuki.

Hapo mwanamke wa Lamu au wa Ng'ambo ya Unguja, ambaye kwake rehani ni pambo la mapenzi, angekifunga kitabu na kucheka.

Kamusi hizi pia ziligombana. Ua moja liliweza kuwa sifa kwenye kitabu kimoja na tusi kwenye kingine, kwa hiyo kijana aliyetaka kutuma ujumbe ilimpasa kwanza ahakikishe binti ana kitabu kilekile, toleo lilelile. Mtafiti wa Marekani Beverly Seaton, aliyevichambua vitabu hivyo katika utafiti aliouchapisha 1995, hakuona ushahidi wa maana kwamba watu walizungumza kwa njia hiyo kweli. Vitabu vilinunuliwa, vikatolewa zawadi, vikawekwa sebuleni. Lugha yenye kamusi nyingi kiasi kile na wasemaji wachache kiasi kile ni nadra duniani.

Pwani: maua yenye harufu

Wakati Paris na London zinachapa orodha, mkarafuu ulikuwa umefika Unguja kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Sayyid Said aliusukuma mpaka ukawa uchumi wa Unguja na Pemba, kwa jasho la watumwa walioletwa kutoka bara.

Karafuu ni ua, ingawa wanaoitia kwenye pilau mara nyingi hawalikumbuki hilo. Ni ua ambalo halijafunguka. Huchumwa likiwa tumba, hutengwa na makonyo, huanikwa juani juu ya majamvi. Likichanua mtini, mwenye shamba amekula hasara. Labda ndiyo maana huku kwetu karafuu haikupata kuwa ua la mapenzi. Ilipata maana ya mali na dola. Bendera ya Zanzibar huru ya Desemba 1963 ilibeba karafuu mbili kwenye duara la kijani. Haikutimiza miezi miwili. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliishusha. Lakini mkarafuu haukuondoka. Umo kwenye Ngao ya Taifa ya Tanzania pamoja na mpamba.

Ua la mapenzi lilikuwa jingine. Asumini, waridi, langilangi, mkadi, kilua na majani ya rehani hufungwa kwa uzi yakawa kikuba, kishada kidogo kinachotiwa manukato na kupachikwa kifuani au kwenye nywele, au kulazwa chini ya mto. Asumini humwagwa kitandani usiku wa harusi. Jioni, katika miji ya kale ya Pwani, vijishada vyake vimeuzwa mitaani tangu zamani, kwa kuwa asumini hufunguka jua likielekea kuchwa na kesho yake halina kazi.

Mambo mawili yanaitofautisha lugha hii na ile ya kina Latour. Kwanza, haisomwi kwa jicho, inanuswa. Ua lisilo na harufu, hata liwe zuri namna gani, halimo kwenye kikuba. Pili, maana haimo ndani ya ua peke yake bali imo katika nani amelivaa, saa ngapi, na kwa ajili ya nani. Kikuba kilekile kikivaliwa na mke aliyetulia nyumbani kwake kinasema jambo ambalo hakuna haja ya kulitamka. Mjane aliye katika eda hujiepusha na manukato na mapambo, na hapo kutokuwepo kwa asumini nako ni maneno, na kila anayeingia nyumbani humo anayasikia. Anayetaka kusema jambo kwa herufi anayo kanga, yenye jina lake limeandikwa kwa uwazi chini ya mji, tayari kwa kumchoma jirani. Ua halikubebeshwa mzigo huo.

Mwanaanthropolojia Jack Goody wa Cambridge, aliyefanya utafiti wake mkubwa kaskazini mwa Ghana, alitoa mwaka 1993 kitabu kizima juu ya utamaduni wa maua. Swali lililomsukuma ni kwa nini sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haikutumia sana maua katika ibada na mapambo. Ni swali la haki kwa bara. Kwa Pwani halina nguvu, na majina yenyewe yanashuhudia: kuna akina Asumini na akina Waridi ambao sasa ni bibi na vitukuu vyao.

Karnesheni, 1892 hadi 1974

Turudi kwenye ua lile lenye kingo zilizochanika, kwa kuwa lina undugu na karafuu wa ajabu kidogo. Linanukia karafuu. Waturuki wanayaita yote mawili karanfil. Wajerumani wanayaita yote mawili Nelke. Wareno wanayaita yote mawili cravo. Hata jina lake la kisayansi, Dianthus caryophyllus, limebeba neno la kale la karafuu. Na hili ndilo ua ambalo, baada ya kamusi kuanza kuchakaa, watu walilipa maana bila kumuuliza mwandishi yeyote.

Tarehe 20 Februari 1892, mjini London, Oscar Wilde alizindua tamthilia yake *Lady Windermere's Fan*, naye aliwataka baadhi ya marafiki zake waje wamevaa karnesheni za kijani. Rangi hiyo hupatikana kwa kulitia shina kwenye maji yenye rangi. Mchoraji Graham Robertson, mmoja wao, alisimulia baadaye kwamba alipomuuliza maana yake Wilde alimwambia halina maana yoyote, na hilo ndilo ambalo hakuna atakayelibahatisha. Alikosea. Miaka mitatu baadaye Wilde alifungwa kwa uhusiano wake wa kimapenzi na wanaume, na ua la kijani likabaki kuwa alama ya watu kama yeye.

Marekani, tarehe 10 Mei 1908, Anna Jarvis alipeleka karnesheni nyeupe 500 kwenye kanisa la Grafton, West Virginia, kwa kumkumbuka mama yake aliyelipenda ua hilo. Ndiyo ikawa Siku ya Mama, na mwaka 1914 Rais Wilson akaitangaza rasmi. Wauza maua walishangilia. Karnesheni nyeupe zilipoadimika, wakaeneza desturi kwamba nyeupe ni ya mama aliyefariki na nyekundu ni ya mama aliye hai, na bidhaa zote mbili zikapata wateja. Jarvis aliona kumbukumbu ya mama yake imegeuzwa mtaji. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki, hadi kifo chake 1948, akipambana na biashara iliyozaliwa na wazo lake.

Kisha Lisbon, Ureno. Alfajiri ya 25 Aprili 1974 wanajeshi waliingia barabarani kuuangusha utawala wa kidikteta uliodumu miaka 48. Celeste Caeiro alikuwa mfanyakazi wa mgahawa uliokuwa unatimiza mwaka mmoja siku hiyo, na maua yalikuwa yamenunuliwa kwa sherehe. Kwa ghasia ile mgahawa haukufunguliwa, na tajiri akawaambia wafanyakazi wayachukue maua waende nayo makwao. Njiani Caeiro alikutana na askari. Mmoja alimwomba sigara. Hakuwa nayo, akampa karnesheni, na askari akaichomeka kwenye mdomo wa bunduki. Wengine nao wakataka. Wauza maua wa mjini wakaendeleza, na mapinduzi yakapata jina: Mapinduzi ya Cravo.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu ya kuifuatilia Lisbon. Askari wale walikuwa wamechoshwa na vita vya makoloni, na kimojawapo kilipiganwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na vita vilianza Septemba 1964. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miezi 14 baada ya karnesheni ya kwanza kuingia kwenye bunduki. Karnesheni haikuuleta uhuru huo. Waliuleta watu waliokuwa porini miaka kumi. Ila ua lisilo na maana maalumu asubuhi, lililonunuliwa kwa kupamba meza, lilikuwa na maana ya taifa zima jioni. Hakuna kamusi iliyowahi kufanya kazi kwa kasi hiyo.

Naivasha: maana inayosafirishwa

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kidenmark ilianza kulima maua ya biashara nchini Kenya, na pembezoni mwa Ziwa Naivasha karnesheni zikaenea katika miaka iliyofuata. Baadaye waridi lilichukua nafasi. Mwinuko, jua la mwaka mzima na maji ya ziwa vilikuwa upande wake. Ndege za usiku kutoka Nairobi zilimaliza kazi iliyobaki. Leo sehemu kubwa ya mawaridi yanayouzwa Ulaya hukatwa Kenya, mengi kwa mikono ya wanawake.

Kalenda ya mashamba hayo ni kalenda ya maana za wengine: 14 Februari ya wapendanao, 8 Machi ya wanawake, Siku ya Mama ya Waingereza, kisha ya Wamarekani. Waridi jekundu la mapenzi huagizwa kwa masanduku, rangi na urefu wa shina vimetajwa. Aprili 2010 volkano ya Iceland ilipofunga anga la Ulaya, mawaridi yalirundikana na kuoza, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Ua lilikuwa lilelile. Aliyekosekana ni wa kupewa.

Nalo waridi limerudi mjini kwetu likiwa limevaa nguo mpya. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi hulinunua Februari kwa bei isiyoshikika, limefungwa plastiki, halinukii kitu. Wakulima wamechagua aina zinazodumu safarini, na mara nyingi harufu ndiyo iliyolipia gharama hiyo. Halifai kwa kikuba.

Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliuelezea kisayansi mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ambao hadi hapo haukuwa na jina katika vitabu vya mimea. Hakutafuta Kigiriki wala Kilatini kwa jina la jenasi yake. Aliuita Mkilua fragrans, mkilua unukiao, kwa jina walilokuwa wakiliita wanawake waliochuma maua yake kwa kujipamba. Hilo ni jina moja lililopata mtu wa kuliandika. Namna ya kupanga kikuba, ua gani hutangulia, lipi la harusi na lipi la maulidi, lipi halichanganywi na lipi, bado vimo vichwani mwa mabibi wa Mji Mkongwe, Lamu, Pemba na Tanga. Aliye na bibi wa namna hiyo na akae naye barazani jioni moja, na kalamu.